Sakafu ya Pimamaji

Watu watatu walisimama chumbani kwa Mama Pacha wakiisifia sakafu yake, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Ilikuwa Jumapili mchana, sahani ziko mkekani, maharage bado yanatoa mvuke, na mama mkwe wake ameshika tonge. Tonge lile liliganda hewani. Mama mkwe alikuwa kipofu, na kwa kipofu hakuna kinachotisha kama viatu vigeni ndani ya nyumba.

"Ni nani hao?" aliuliza.

"Usiinuke, bibi, tunapita tu," alisema wa kwanza, dalali mwenye jalada kwapani. "Wewe kula chakula chako. Sisi tunaangalia nyumba."

Wa pili Mama Pacha alimjua vizuri kuliko alivyopenda. Alikuwa msimamizi wake kule kiwandani, yule mwanamke anayesimama nyuma ya wachambua matunda akitazama saa, na kumwambia mtu mbele ya wenzake kwamba chooni kakaa dakika nane. Wa tatu alibaki mlangoni na fimbo yake, kofia mkononi, macho juu ya dari. Huyo ndiye mwenye nyumba. Mji mzima ulimwita Mwalimu, ingawa chaki aliiacha siku nyingi, kwa kuwa nusu ya mji aliifundisha yeye kusoma.

"Kumbe ni wewe unayekaa hapa," msimamizi alisema.

"Ni mimi."

"Kwa sasa," dalali alichomeka neno, akainama kupapasa sakafu. "Tazama hii, mama. Hata kwenye zile ghorofa za barabarani huipati. Kioo."

Msimamizi hakuinama. Aliiburuza ncha ya kiatu chake juu ya ule wekundu unaong'aa, akapiga hatua, na kisigino kikazama kwenye mfuo uliokatiza chumba. Aliyumba, akashika ukuta. "Na hii ni nini?"

"Ufa tu huo. Utazibwa."

"Si ufa," Mama Pacha alisema. "Ni njia ya mama."

Hakuna aliyeuliza njia gani. Walifunua pazia la chumba cha kulala, wakahesabu vitanda kwa kidole, wakafungua na kufunga mlango wa uani mara mbili kusikiliza bawaba. Kisha wakaenda zao, wakaacha alama za vumbi toka mlangoni hadi kitandani.

Mama mkwe alirudisha tonge kwenye sahani. "Mmoja amevaa visigino," alisema. "Mwingine anatafuna kitu. Na wa mlangoni ni Mwalimu, naijua fimbo yake. Mbona hakunisalimia?"

Mama Pacha alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kufuta zile alama.

Mumewe aliitwa Pimamaji, kama kile kifaa cha waashi cha kupimia usawa, tangu siku alipobomoa ukuta wa tajiri mmoja, ukuta alioujenga mwenyewe, kwa sababu ulipinda kwa unene wa punje ya mchele. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mwashi, na mikono yake haikujua kukaa. Miaka tisa nyuma walipohamia, nyumba ile ilikuwa banda. Chini udongo, kuta tofali tupu, juu bati na popo. Pimamaji akawa anarudi kazini na masalia, leo nusu mfuko wa saruji aliopewa na bosi, kesho ndoo ya mchanga, keshokutwa vipande vya mbao. Akapiga lipu. Akaweka dari. Akamwaga sakafu nene, akaitia rangi nyekundu na kuisugua mpaka mtu akajiona sura.

Mama yake alikuwa ameshaanza kupoteza macho. Kwa hiyo kabla saruji haijakaza, Pimamaji alichora mfuo wa upana wa kidole gumba, toka kitandani kwa mama hadi mlangoni, ukatoka uani, ukaishia chooni. Penye kona alitia alama ya msalaba, penye ngazi duara. Yule mama aliupita peku, akiongozwa na kidole gumba cha mguu, na katika miaka yote ile hakumwita mtu kumshika mkono. Kwa mfuo ule Mama Pacha aliweza kwenda kiwandani na mabinti pacha wakaenda shule. Kipofu alibaki peke yake na nyumba, akajichemshia chai, akaanua nguo mvua ilipokuja.

Sasa wilaya ilikuwa imeanza kukua. Ndivyo redio ilivyosema kila asubuhi, inakua, inakua, utadhani ni mtoto wa mtu. Ilifika barabara ya lami, kikafuata kiwanda cha matunda, kikafuata chuo, na nyuma yao zikaja kodi mpya. Shamba la mihogo lililouzwa zamani kwa bei ya ng'ombe mmoja likawa linapimwa kwa hatua na kuuzwa kwa kila hatua. Na wale waliobeba zege la barabara, la kiwanda na la chuo, ndio waliofungasha virago kila mwisho wa mwezi, wakasogea mbali zaidi na vitu walivyovijenga. Hilo redio haikulisema.

Pimamaji aliporudi jioni akasimuliwa, alivua viatu kwanza, akaviweka sambamba ukutani. "Mwalimu hawezi kutufanyia hivyo," alisema.

"Alikuwa amesimama pale pale ulipo wewe."

"Hawezi. Twende tukamwone."

Mwalimu aliwakaribisha ukumbini kwake. Kulikuwa na kiti kimoja na kigoda. Pimamaji alimwachia mkewe kiti, yeye akakaa kigodani, magoti yakamfika kidevuni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mthamini wa halmashauri alikuja," Mwalimu alianza. "Kapita nyumba zangu zote tano. Nne kaziandika daraja la tatu. Yako, mwanangu, daraja la kwanza. Lipu, dari, sakafu. Amesema hajaona kazi kama ile wilaya nzima."

Pimamaji alitabasamu. Hakukusudia. Mama Pacha aliliona lile tabasamu, akatamani kumfinya.

"Na kodi?" aliuliza yeye.

"Mara tatu ya sasa. Kiwanda kinawalipia wasimamizi wake nyumba, na wapo tayari. Si mimi, mama. Soko ndilo linalopanga."

"Huyo Soko anakaa wapi, Mwalimu? Nimfuate nikamsalimie."

Mwalimu alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Tulikubaliana," Pimamaji alisema taratibu. "Ulisema tengeneza, tutakatana kwenye kodi. Sikukata hata mwezi mmoja, niliona aibu."

"Nilisema hivyo?"

"Ulikuwa unanyoa ndevu, pale mlangoni. Ulikuwa umemaliza shavu moja."

"Una karatasi?"

"Mwalimu, wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Mimi ningekuandikisha vipi?"

Mwalimu aliizungusha fimbo yake kiganjani. Hakuwa mtu mbaya siku zote. Zamani alikuwa akiwanunulia watoto madaftari kwa mshahara wake. Lakini pensheni yake sasa haikutosha hata dawa za presha, na dalali alikuwa amemwonyesha hesabu kwenye jalada.

"Dunia ya leo ni karatasi, mwanangu," alisema mwishowe. "Na tuliyonayo ni moja, mkataba wa upangaji. Nakala mnayo. Unasema notisi mwezi mmoja, mimi nawapa wiki sita, kwa ajili ya mama yako. Ufuateni mkataba, kifungu kwa kifungu, hatutagombana. Na ule ufa uzibe kabla hujatoka, ndipo nirudishe pesa ya dhamana." Akakohoa. "Halafu kuna zile nyumba nne. Nataka ziwe kama yako. Safari hii nitakulipa."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Pimamaji aliangalia sakafu ya Mwalimu, iliyokuwa na mashimo, na kwa mazoea mkono wake ulianza kupima kina cha shimo mojawapo kwa kidole.

"Nitaangalia," alisema.

Njiani walilipita duka la mwisho.

"Ulitabasamu," Mama Pacha alisema.

"Lini?"

"Aliposema daraja la kwanza."

Pimamaji aliendelea kutembea.

"Mikono yako hii," mkewe alisema, na sauti yake haikupanda, "ingekuwa mivivu kama ya wanaume wengine, leo tungekuwa na nyumba."

Kiwandani msimamizi alianza kusimama nyuma ya Mama Pacha zaidi kuliko wengine. Saa bado mkononi, ila maswali yakawa mapya.

"Bati linavuja?"

"Halivuji."

"Majirani wanapiga kelele?"

"Wana watoto."

"Mapazia mtayaacha? Yanaendana na ile sakafu. Nitakupa kitu kidogo."

"Nimeyashona mwenyewe."

"Ndiyo maana nikasema nitakupa kitu." Msimamizi aliinama karibu na sikio lake, kama anayemhurumia. "Na yule bibi, chumba chake, harufu itatoka kweli?"

Mama Pacha alikuwa na embe mkononi. Vidole vilizama ndani yake vyenyewe, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Hilo umeliharibu," msimamizi alisema, akatoa kalamu. "Nitaliandika."

Wenzake wa meza ile waliinamisha vichwa wakaendelea kuchambua. Kila mmoja alikuwa na kodi yake ya kuogopa.

Baada ya kazi alizunguka kutafuta vyumba. Chumba kilichokuwa zizi la mbuzi mwaka jana kilikuwa kimepakwa chokaa na kupewa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba mmoja alimuuliza kama mumewe ana kazi ya ofisini. Mwingine aliposikia kuna kipofu, alisema chumba kimeshachukuliwa, na huku mlango uko wazi na buibui wanaonekana. Mwishowe walipata nyumba nyuma ya tanuri za matofali, mwendo wa saa moja na nusu toka kiwandani, saruji imebomoka imebaki visiwa visiwa katikati ya mchanga.

Walimpeleka mama aijaribu. Alivua ndala mlangoni, akatanguliza mguu wa kulia, akapapasa, akarudisha. Akajaribu kushoto. Alisimama, mkono mmoja kwenye fremu.

"Hapa sina njia," alisema.

"Nitakuchorea nyingine, mama," Pimamaji alimwambia.

"Kwenye nyumba ya nani?"

Walilipia nyumba ile hivyo hivyo. Hapakuwa na nyingine.

Jumamosi ya mwisho Pimamaji alikoroga saruji kwenye ndoo asubuhi na mapema. Mabinti walikuwa uani wakifunga vyombo kwenye mashuka. Mama yake aliketi kitandani, miguu juu, kwa kuwa mwanawe alishamwambia asikanyage. Pimamaji alipiga magoti mwanzo wa mfuo, pale penye kitanda, mwiko mkononi, akakaa vile bila kuanza.

Mama Pacha alikuwa akipanga karatasi zao kwenye kopo la bati, kadi za kliniki na vyeti vya mabinti, akakutana na mkataba. Maneno ya Mwalimu yalimrudia, kifungu kwa kifungu. Alikaa chini akausoma. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono, mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima, kila kituo mahali pake. Aliusoma mara mbili.

"Simama kwanza," alisema.

"Saruji itaganda."

"Iache igande. Sikiliza." Akasoma polepole, kidole chini ya mstari. "Kifungu cha saba. Mpangaji ataikabidhi nyumba katika hali aliyoikuta, kama ilivyoorodheshwa. Sakafu, udongo ulioshindiliwa. Kuta, tofali bila lipu. Dari, hakuna. Mlango wa uani, hakuna, pana gunia."

"Gunia nalikumbuka," mama mkwe alisema kitandani. "Lilikuwa linanuka pumba."

Pimamaji alimtazama mkewe. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Mwalimu anasema dunia ni karatasi. Tumpe karatasi yake."

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa aliweka kiganja juu ya sakafu kama mtu anayemtuliza mnyama. "Hii ni kazi nzuri, Mama Pacha. Mimi sijawahi kuvunja kazi nzuri."

"Ulivunja ukuta wa yule tajiri."

"Ule ulipinda."

"Na hii haijapinda?"

"Hii? Weka pimamaji popote unapotaka."

"Imepinda," mkewe alisema. "Wewe huoni kwa sababu unaangalia saruji. Mtu aliyeimwaga anafukuzwa, na anaambiwa afute njia ya mama yake ili mwingine asijikwae. Niwekee pimamaji hapo nione."

Hakumngoja ajibu. Alichukua nyundo kubwa kwenye mfuko wa zana, akainua, akapiga. Sakafu ilitoa kovu jeupe la ukubwa wa sarafu. Alipiga tena, na kwa pigo hilo la pili alijua kwamba kazi yake ya kiwandani imekwisha. Akaona ni sawa, akainua mara ya tatu. Mumewe alisimama ukutani, kila pigo likimfumbisha macho. Kisha akaja akamshika kifundo cha mkono.

"Unapiga vibaya," alisema. "Utaumiza kiwiko."

Alichukua nyundo, akachukua tindo na chaki. Hakuvunja kwa hasira, hiyo hakuiweza. Alichora mistari pande mbili za mfuo, akakata kwa tindo, akaingiza mtaimbo chini, akang'oa kipande kimoja kizima, upana wa dhiraa moja, mfuo umekatiza katikati. Akakisimamisha, akaandika ubavuni mwake kwa chaki, moja. Akang'oa kingine. Mbili.

"Mnavunja njia yangu?" mama yake aliuliza.

"Tunaihamisha, mama."

Walifanya kazi mchana kutwa na asubuhi iliyofuata. Vipande vya njia vilifika thelathini na kimoja, vikapangwa uani kwa namba. Sakafu iliyobaki ilivunjwa kokoto na kurundikwa pembeni kwa mstari ulionyooka, maana Pimamaji hakuweza kuacha uchafu. Dari ilishuka ubao kwa ubao, kwa bisibisi, na kila skrubu ikatiwa kwenye kopo. Mlango wa uani walimpa jirani. Lipu waliiacha. Si kwa huruma, muda haukutosha. Ile saruji ya ndoo ilikuwa imeshakuwa jiwe, mwiko umesimama ndani yake.

Lori la msimamizi lilifika saa sita kamili, makochi yamefungwa nailoni. Dalali alitangulia, akasukuma mlango, na kiatu chake kikatua kwenye udongo mtupu. Aliinua mguu, akautazama, akatazama juu, akaona bati. Kwa mara ya kwanza tangu mji umjue, dalali alikosa neno.

Mwalimu alikuja nyuma yake. Alisimama kizingitini.

"Mwanangu," alisema, "umefanya nini?"

Pimamaji aliinamisha kichwa. Mama Pacha ndiye aliyesogea, akampa mkataba kwa mikono miwili, kama apewavyo mkubwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Soma kifungu cha saba. Mwandiko ni wako."

Mwalimu alivaa miwani, akasoma, midomo ikimchezacheza. Mkono wake ulichomoa kalamu mfukoni wenyewe, ule mkono uliosahihisha madaftari miaka arobaini, ukashuka mstari kwa mstari ukitafuta kosa. Haukulipata. Ukafika mwisho wa orodha.

"Mlango wa uani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tumeweka gunia. Jipya."

Dereva wa lori aligeuka upande akajifanya anakohoa.

"Huu ni uharibifu," dalali alisema, ulimi umemrudia. "Watashtakiwa hawa."

"Nenda nayo mahakamani hiyo hiyo karatasi," Mama Pacha alimjibu. "Na dhamana yetu, Mwalimu?"

Mwalimu alikunja mkataba, akautia mfukoni, akatoka nje. Dhamana hawakuipata siku ile wala siku nyingine yoyote, na wanaojua sheria waliwaambia baadaye kwamba kuidai kungewagharimu kuliko yenyewe. Ndivyo karatasi zilivyo. Mnyonge akizisoma vizuri anaweza kuvunja nyumba, lakini si kulipwa.

Msimamizi hakushuka kwenye lori. Aliteremsha kioo. "Wewe, kesho usije kazini."

"Nimekwishajua tangu jana," Mama Pacha alisema.

Vipande vya njia vilipakiwa kwenye mkokoteni kwa mpangilio, safari ya tatu na ya mwisho, na juu yake wakamkalisha mama mkwe na kopo la skrubu mapajani. Pimamaji alivuta mbele, Mama Pacha na mabinti wakasukuma nyuma. Walipita kwenye lami, chini ya lile bango la halmashauri lenye picha ya familia inayocheka mbele ya nyumba ya rangi.

"Kule sitaigandisha kwa saruji," Pimamaji alisema bila kugeuka. "Nitailaza juu ya mchanga tu. Wakitufukuza, tunaibeba."

Mkewe alisukuma kwa nguvu zaidi, na mumewe alisikia uzito ukipungua mikononi.

Mama yake alivua ndala moja. Mguu wake ulipapasa saruji ya chini yake, ukaenda huku, ukaenda huku, mpaka kidole gumba kikatumbukia kwenye mfuo kikatulia.

"Hiki ni cha ngapi?" aliuliza.

Binti mmoja aliinama akasoma chaki. "Kumi na mbili, bibi. Mlango wa uani."

"Nimeshajua. Msalaba huu hapa." Alikandamiza mguu. "Hapa huwa nageuka kulia."

Mkokoteni ulikwenda moja kwa moja.